Grupu ya gesi Ruashi: kazi iko kwenye bomba

Duka la mashine mjini Lubumbashi humkabidhi mteja grupu yake, yaani jenereta, ndani ya boksi, pamoja na ufunguo na kijitabu. Njia ya kuilisha humwachia mwenyewe na fundi wake. Kwa grupu ya esanse hilo si neno: unafungua tangi, unamimina kutoka kwenye bidoni, unavuta kamba. Ukija kwenye grupu ya gesi, mashine ndiyo sehemu rahisi. Ugumu wote, na karibu hatari yote, umo katika zile mita chache kati ya mtungi na injini, na hapo ndipo mwenye nyumba aliyekwisha kutoa pesa nyingi dukani huanza kubana.

Ruashi ina sababu za kutaka grupu. Ni moja ya komini saba za Lubumbashi, ilianzishwa miaka ya 1950 enzi za Wabelgiji, na imezungukwa na shaba. Upo mgodi unaobeba jina lake, ambao kampuni ya Jinchuan ya China iliupata ilipoinunua Metorex ya Afrika Kusini mwaka 2012. Lipo shimo la Etoile, lililotoa mawe ya kuyeyusha shaba ya kwanza ya Union Minière mwaka 1911. Umeme wa mitambo ya migodi ya Katanga na ule wa taa ya mama anayekaanga maandazi asubuhi hutoka kwenye vyanzo vilevile: mabwawa ya Nseke na Nzilo kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, na laini ndefu ya kilomita 1,700 hivi inayotoka Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Laini ile ilivutwa kwa ajili ya migodi, ikapita juu ya vijiji ambavyo hadi leo vinaitazama tu. Umeme ukipungua, delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, huanzia kwenye mitaa. Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya Kariba, hata umeme wa kununua Zambia ukawa adimu.

Kwa hiyo watu wana grupu, na nyingi ni za esanse au mazutu (dizeli). Mafuta yenyewe huja kwa malori, mengi yakipitia mpaka wa Kasumbalesa, kilomita 90 na ushei kusini mwa mji. Yanapoadimika pompuni, kuna kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, na chupa zake, na kilichomo ndani ya chupa hizo anakijua yeye na Mungu wake. Hapo ndipo gesi inapoanza kuvutia. Faida yake kubwa kwa mashine ya akiba haitajwi sana na wauzaji: gesi haiozi. Esanse ikikaa miezi kadhaa kwenye kabureta huacha gundi, na siku umeme unapokatika kweli, grupu iliyokaa kimya haiwaki. Mtungi uliofungwa vizuri unaweza kukaa mwaka mzima na gesi ikabaki ileile. Tena hakuna anayeweza kuichanganya na petroli ya taa.

Lakini ni gesi gani? Mwenye ndugu Dar es Salaam atakuwa amesikia habari za bomba. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Ubungo kuzungusha mitambo ya umeme. Nyingine imefika viwandani na kwenye baadhi ya nyumba za jiji lile. Mwenye ndugu Goma atataja methani ya Ziwa Kivu, ambayo upande wa Rwanda ilianza kuchemshia mitambo ya bia kule Gisenyi mwaka 1963, na tangu 2016 kituo cha KivuWatt kinaitumia kuzalisha megawati 26. Ruashi haina hata moja ya hizo. Hakuna bomba la jiji la kujiunga nalo, wala halijengwi. Gesi ya Lubumbashi ni ile ya mitungi, butani na propani, inayoletwa kutoka mbali kwa barabara.

Tofauti hiyo inagusa usalama moja kwa moja. Methani ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda, dirisha la juu huitoa. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, butani kwa mara mbili. Fundi anayejua kazi humwambia mwenye nyumba kwa Kiswahili cha hukuhuku: «Papa, hii gazi inalalaka chini, haipandake.» Michoro mingi ya kufunga grupu za gesi inayopatikana ni ya nchi zenye gesi ya bomba, na imechorwa kwa ajili ya methani. Anayeinakili bila kufikiri hujikuta ametoboa tundu la hewa juu ya ukuta na kuacha chini pamezibwa.

Sasa tazama parseli ya kawaida ya Ruashi. Ukuta pande zote, geti la chuma linalokaribia kugusa sakafu, nyumba kubwa mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, na uwanja mdogo katikati. Gesi nzito ikivuja humo haina pa kutokea. Inajaa kuanzia chini kama maji kwenye beseni. Na chini ndiko kuliko na moto. Mbabula ya mpangaji, jiko lake la makala (makaa), imekaa ardhini, mara nyingi inawaka tangu alfajiri mpaka jioni, wala haina mlango wa kufunga. Katika nchi zilizoandika kanuni hizi, mwandishi alikuwa akifikiria swichi, plagi na mtu anayevuta sigara. Hakuwa na mbabula akilini. Kanuni ya kawaida ya kuweka mita 3 hivi kati ya mitungi na moto wowote, kwa maoni yangu, haitoshi kwenye uwanja uliofungwa wenye mbabula mbili au tatu. Ama mitungi iwekwe upande wa ukuta unaotazama barabara, na tundu zitobolewe chini kabisa ya ukuta huo ili gesi imwagikie nje, ama mwenye nyumba akubali kwamba parseli yake si ya gesi. Kuna parseli nyingi za namna hiyo, na fundi mwaminifu huikataa kazi hiyo mlangoni.

Shimo nalo ni la kuogopwa: kisima, mfereji wa maji ya mvua, shimo la choo lenye kifuniko kilichopasuka. Gesi huteremkia humo na kukaa siku nyingi.

Tuseme mahali pamepatikana. Jambo la pili ni baridi. Wageni hudhani Kongo yote ni joto, lakini Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na lazima kigeuke mvuke kabla ya kuingia kwenye bomba. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri. Kwenye nyuzi 8 bado inatoa, ila kwa unyonge. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi ya Julai bado ina presha ya baa 5 hivi. Kwa jiko la kupikia tofauti hiyo mtu huivumilia. Kwa injini ndiyo tofauti ya kuwaka na kutowaka. Anayenunua mtungi kwa ajili ya grupu aulize umejazwa nini, na kama jibu ni butani tupu, atafute kwingine au ajue kwamba msimu wa baridi utamsumbua.

Baridi ya nje ni nusu ya tatizo. Kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi wenyewe, hivyo kadiri injini inavyovuta kwa nguvu ndivyo mtungi unavyopoa. Grupu ya kilowati 5 ikibebeshwa mzigo kamili hula kilo 2 hivi za gesi kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya jiko la mioto minne likiwashwa lote. Mtungi mmoja wa kilo 12 hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo muda mrefu. Baada ya nusu saa utaona jasho likitokea ubavuni mwake, kisha utando mweupe wa barafu unaopanda kutoka chini mpaka pale kimiminika kilipofika, mstari ulionyooka kabisa kama uliopigwa kwa rula. Injini inaanza kukohoa. Hapo mtu asiyejua hushawishika kuusogeza mtungi karibu na makala upate joto, na hilo ni jambo la kuwakataza hata watoto wasilifanye kwa mchezo. Dawa ni kuunganisha mitungi miwili au mitatu kwenye bomba moja la kukusanyia, kila mmoja na valvu yake isiyorudisha gesi nyuma, ili mzigo ugawanyike na pasiwe na unaopoa kupita kiasi.

Mwinuko huo wa mita 1,200 unadai kodi nyingine. Hewa nyembamba huipunguzia nguvu injini isiyo na turbo kwa asilimia 3 na nusu hivi kila mita 300, na gesi yenyewe hutoa nguvu pungufu ya esanse kwa kama asilimia 10. Mashine iliyoandikwa kilowati 5 kwenye boksi, Ruashi na kwa gesi, itakupa pungufu kidogo ya 4. Watu huilaumu mashine, au Mchina aliyeiunda, kumbe hesabu ilikuwa hivyo tangu dukani.

Tufike kwenye bomba lenyewe. Kosa linalofanyika sana ni kuchukua detandeeri ya jiko, ile wanayoiita regureta Tanzania, kuifunga kwenye mtungi, na kuvuta mpira mwembamba wa jikoni mita nane au kumi hadi kwenye grupu. Detandeeri ya jiko hushusha presha mpaka milibaa 28 kwa butani au 37 kwa propani, presha ndogo mno isiyostahimili safari. Matokeo yake ni ya kuchekesha kama si pesa yako: grupu inawaka vizuri, taa zinawaka, televisheni inawaka, kila mtu anapongezana, kisha friji inaanza kuvuta na injini inazama. Fundi anafungua kabureta, anaisafisha, anabadilisha buji. Kesho yake ni vilevile, kwa sababu kabureta haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na njaa.

Njia nzuri ni kushusha presha mara mbili. Detandeeri ya kwanza, iliyo pale kwenye mitungi, huishusha hadi baa 1 na nusu hivi. Kwa presha hiyo gesi husafiri bila shida hata kwenye bomba jembamba. Detandeeri ya pili hufungwa mwishoni, karibu na mashine, na ndiyo inayoifikisha kwenye zile milibaa 37 ambazo injini inazitaka. Kati yao huwekwa koki ya kufunga kwa mkono, na kabla tu ya injini valvu ya umeme inayojifunga yenyewe mashine inapozimika. Valvu hiyo ndiyo kitu cha kwanza kuachwa pale pesa zinapopungua. Mimi ningeacha magurudumu ya grupu kabla ya kuiacha hiyo.

Kujua kama presha inatosha hakuhitaji chombo cha bei. Mafundi wa zamani wa gesi walitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa mfano wa herufi U na kujazwa maji nusu. Upande mmoja unaungwa kwenye bomba, mwingine unaachwa wazi. Presha ya gesi husukuma maji yashuke huku na kupanda kule, na tofauti ya vimo viwili hupimwa kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 38 za maji ni sawa na milibaa 37. Siri ni kupima mara mbili, kwanza mashine ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inafanya kazi na friji, pasi na pampu vimewashwa pamoja. Ikiwa maji yanakaa karibu palepale, bomba linatosha. Yakiporomoka hadi sentimita 20, bomba ni jembamba, au refu mno, au limekunjwa mahali, na hakuna kabureta itakayotibu hilo. Nimeona watu wakibishana saa nzima juu ya jambo ambalo mpira huu na glasi ya maji vingeliamua kwa dakika tano.

Bomba liwe la nini? Jibu la mafundi karibu kila mahali ni shaba: haishiki kutu kwa gesi hii, inakunjika bila kupasuka, maungio yake ni machache. Na hapa Ruashi ina mzaha wake mchungu. Shaba inatoka mgodini kwa mabamba mazito yanayong'aa, inapakiwa kwenye malori, inaelekea Kasumbalesa na kusini zaidi hadi bandarini. Bomba la shaba la mita tano lililo dukani mjini limeundwa nchi za mbali na kurudi kwa njia kama ileile, ushuru juu ya ushuru. Ndiyo maana mtu wa Ruashi anayeishi mwendo mfupi tu kutoka kwenye shaba huishia kufunga mpira wa plastiki. Huwezi kumlaumu kwa bei. Unaweza kumlaumu kwa kutoulizia bomba la chuma, ambalo ni la bei nafuu, na likipakwa rangi vizuri na kupitishwa juu ya ukuta badala ya kuzikwa kwenye udongo mwekundu, hudumu miaka mingi.

Maungio ya shaba yana sheria moja ambayo fundi wa maji huisahau. Yeye amezoea kuunga kwa bati, linaloyeyuka kwenye nyuzi 200 na kitu. Bomba la maji likiunguzwa na moto, bati likayeyuka, maji humwagika na kusaidia kuzima. Bomba la gesi bati lake likiyeyuka, gesi humwagikia kwenye moto. Kwa hiyo gesi huungwa kwa kulehemu kwa aloi ya fedha au ya shaba, ambayo huyeyuka juu sana zaidi, au kwa nati na mdomo wa bomba uliopanuliwa. Tefloni nyeupe ya fundi wa maji nayo ni nyepesi kwa kazi hii. Iko nzito ya njano iliyotengenezwa kwa gesi.

Injini hutetemeka, kwa hiyo kipande cha mwisho lazima kiwe laini: mpira mfupi wa gesi uliosukwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, usiozidi mita moja. Bomba gumu likiungwa moja kwa moja kwenye mashine hupasuka kwenye shingo baada ya muda, na hupasuka mashine ikiwa inafanya kazi. Mipira inayofuata kanuni za Kifaransa, ambayo ndiyo mingi katika maduka ya huku, huwa imechapwa ubavuni mwaka wa kuibadilisha. Geuza mpira dukani uusome mwaka huo kabla ya kulipa, maana wapo wanaouza mipira ambayo mwaka wake ulishapita ikiwa bado kwenye maboksi.

Kabla gesi haijaingia, bomba hujazwa hewa kwa pampu ya baiskeli, koki zote za mwisho zikiwa zimefungwa, na geji huangaliwa kwa nusu saa. Sindano isipotikisika, gesi huruhusiwa. Kisha maji ya sabuni kwenye kila ungio, kwa brashi, povu zito la sabuni ya kufulia. Povu la uvujaji mkubwa hulipuka na kutapika, kila mtu huliona. La uvujaji mdogo ndilo la kusubiri: vipovu vidogo vyeupe vinakua taratibu pembeni mwa nati kwa dakika moja au mbili, na fundi mwenye haraka ameshahamia ungio jingine. Wapo wanaotumia kiberiti kutafuta uvujaji. Hao wamebahatika mpaka sasa.

Moshi wa grupu ni suala la peke yake, na gesi haiufuti. Ni kweli unanuka kidogo kuliko wa mazutu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu watu hudhani usionuka hauui. Hewa ya sumu inayotoka kwenye injini yoyote haina harufu wala rangi, na imeua familia zilizoiweka mashine kwenye korido ili isiibiwe usiku. Mita 6 kutoka dirisha la karibu ni kipimo kizuri, na wapangaji wa nyuma nao wana madirisha. Wizi hutatuliwa kwa ngome ya vyuma na mnyororo.

Je, yote haya yanalipa? Kwa nyumba inayotaka taa nne, televisheni na kuchaji simu, hapana. Paneli ya jua na betri zitafanya kazi hiyo bila kelele, na jua la Katanga kuanzia Mei hadi Septemba halina mchezo. Gesi inaanza kuwa na maana kwa dispensari yenye friji ya chanjo na mashine ya kuchemshia vyombo, kwa muuza samaki wa barafu mwenye majokofu matatu, kwa kiwanda kidogo cha mikate; mahali ambapo mzigo ni mzito, saa za kukatika hazitabiriki, na kuna mtu anayelipwa kuangalia mashine. Huko gharama ya bomba zuri huonekana kuwa kubwa siku ya kwanza tu.

Baada ya hapo kazi inahamia kwa wenyeji. Kila mtungi unapobadilishwa, ungio moja limefunguliwa na kufungwa upya, kwa hiyo brashi na kopo la sabuni hukaa palepale kwenye kibanda cha mitungi. Koki ya kufungia gesi yote hupakwa rangi nyekundu na kuwekwa nje ya kibanda, kwenye kimo cha mkono. Anayepaswa kuonyeshwa jinsi ya kuifunga kabla ya mtu mwingine yeyote ni sentineli, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa macho saa nane za usiku.